Kabali ya Kola ya Fundi Agapiti

Kwa miezi mitatu na siku kumi, Fundi Agapiti wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, alijifunza jambo moja tu: kumkaba mtu kutoka nyuma kwa kola ya nguo yake mwenyewe mpaka alegee. Hakujifunza kupiga ngumi wala kukwepa. Hakujifunza hata kuanguka, jambo ambalo wanajudo hulisomea kwanza. Ukimjia kutoka mbele, alikuwa bado yule yule mshona sare za shule mwenye miaka hamsini na miwili, kilo hamsini na sita, na goti la kushoto linalomsumbua. Lakini mpe mtu aliyeketi, aliyempa mgongo na kuvaa koti, hapo Agapiti alikuwa hatari. Tatizo ni kwamba watu wa aina hiyo ni wachache Ifakara, ambako kwa sehemu kubwa ya mwaka koti ni nguo ya bwana harusi na ya marehemu.

Mtu aliyekusudiwa alikuwa mmoja na jina lake lilijulikana. Evod, miaka ishirini na minne, dereva wa bodaboda, kijana mrefu mwenye tabasamu na adabu ambazo mama yeyote angejivunia.

Adabu hizo ndizo zilizomshinda Agapiti. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona kwenye kibaraza cha nyumba ya Mama Balbina, mjane anayepangisha vyumba vya mbele vinavyotazama barabara. Mwaka juzi, wakati wa masika, Evod alipandisha pikipiki yake pale ili asilowe. Alisema, "Shikamoo, fundi," akaitikiwa, "Marahaba, karibu." Masika yalipokwisha, Evod hakuondoka. Wiki iliyofuata alikuja na mwenzake, naye akasalimia. Kofia ngumu ya Evod ikapata pa kukaa juu ya gurudumu la cherehani. Mkasi wa fundi ukaanza kukatia mikate. Benchi la wateja likawa la madereva, na wateja wakawa wanapimwa mabega wakiwa wamesimama juani. Ilipofika Januari madereva walikuwa sita, na cherehani ilikuwa imehamishwa mara nne, kutoka mlangoni hadi kwenye ukingo ambako bati linavujia. Kila mara ilihamishwa kwa heshima. "Samahani fundi, tusogee kidogo," alisema Evod, naye fundi alisogea, tena akashika upande mmoja wa meza kusaidia.

Agapiti alizaliwa upande wa Mahenge, katika nyumba ambamo kutoitikia salamu kulihesabiwa karibu sawa na kutukana. Kwake, mtu aliyekuamkia asubuhi ukamwitikia amekwisha kuwa mtoto wako mpaka jua lizame, na mtoto hafukuzwi kibarazani. Evod, aliyezaliwa Sanje kwa wazazi wa aina hiyo hiyo, aliijua kanuni hiyo vizuri na hakukosa kusalimia hata siku moja. Siku aliyokuwa na homa ya malaria alijikokota hadi kibarazani, akaamkia, kisha akajilaza kwenye benchi.

Mwezi Machi Mama Balbina alitoka ndani, akaangalia pikipiki sita na cherehani moja, akatamka neno lake. Kibaraza kile si soko. Mavuno yakija watu wa Namawala na vijiji vingine wataleta mpunga mashineni, watataka kushona nguo, na hatapita mtu pale kwa jinsi palivyosongamana.

"Mpaka mwisho wa Juni nataka mtu mmoja hapa," alisema. "Ni nani, mtajua wenyewe. Mimi sigombanishi watu."

Kwa Evod lilikuwa suala la kivuli. Kwa Agapiti lilikuwa suala la kila kitu alichonacho: ukihamisha fundi kutoka mahali alipojulikana miaka kumi na tisa, wateja hawamtafuti, wanatafuta fundi mwingine. Jioni hiyo alimweleza mkewe, Yosefina, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo. Yosefina alimsikiliza hadi mwisho, akatupa kijiwe kimoja, akauliza kama amewahi kumwambia huyo kijana aondoke.

"Nimwambie vipi?" aliuliza Agapiti.

"Kwa mdomo."

Agapiti alimtazama kama mtu aliyeambiwa aende kukomunika kanisani bila shati. Kesho yake alikwenda kumtafuta Donati.

Donati ana miaka sitini na saba na anaishi nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa mgambo, na kabla ya hapo alipita jeshi la kujenga taifa, ambako kulikuwa na mafunzo ya judo ya wiki sita. Kati ya hizo sita, tano alizimaliza amelazwa na malaria. Jambo hilo halifichi. Analieleza kama mtu aelezaye jeraha la vita, ingawa ni ajabu kidogo kwa mwenyeji wa Namawala, ambaye ujanani alikunja suruali usiku kucha ili watafiti wa malaria wamnasie mbu mguuni. Katika wiki moja iliyobaki alihudhuria somo moja. Lilikuwa somo la tatu, na jina lake la Kijapani limemtoka, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini ameliita Namba Tatu. Namba Moja na Namba Mbili hazijui. Ukimuuliza, anajibu kuwa ni za wanaoanza.

Walifanyia mazoezi kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, kwa sababu pumba ni laini na hakuna anayezidai. Donati alivaa koti lake la zamani la mgambo, akakaa, akampa mwanafunzi mgongo. Mkono wa kulia unapita juu ya bega na kwenda kushika kola upande wa pili, ndani kabisa, karibu na sikio, dole gumba likiwa upande wa ndani. Mkono wa kushoto unapita chini ya kwapa, unashika ukosi wa pili na kuuvuta chini ili nguo isikimbie. Halafu unavuta kwa pamoja, kifua kikiwa kimegandamana na mgongo wake, kama mtu akamuaye shuka. Pumzi haikatwi. Damu iendayo kichwani ndiyo inayokatwa, pande mbili za shingo, na ukipatia, sekunde nane zinatosha. Akigonga mara mbili kwa kiganja, unaachia, kwa sababu amekubali.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Agapiti aligundua kuwa ana kipaji nje ya cherehani. Kola aliijua. Alijua wapi bitana inaongezwa, wapi mshono unabeba uzito, na kwa nini kola yenye kisimamio inabana kuliko kola iliyolala. Jumapili ya tatu alikuwa akimsahihisha Donati. Jumapili ya tano Donati aligonga kwa viganja vyote viwili, na alipopata kauli alisema kuwa mbinu hiyo sasa ina mrithi. Wote wawili walirudi nyumbani wakijikuna, maana pumba za mpunga huingia hata mahali ambapo kola haifiki.

Nyumbani alimfanyia mazoezi mkewe. Yosefina alivishwa koti, akakaa kwenye kigoda chake cha jikoni, na akakabwa mara kumi kila jioni huku akiendelea na kazi zake. Hakupinga. Alichosema mara moja tu ni hiki: "Ukimaliza kunikaba nipishe, wali unaungua."

Kufikia mwisho wa Aprili mbinu ilikuwa tayari, lakini Evod hakuwa na kola. Katika joto la Ifakara alishinda na fulana ya shingo ya duara, nguo ambayo, kwa maelezo ya kitaalamu ya Agapiti, haikabiki. Ikabidi kipupwe kisubiriwe. Wakulima bondeni walisubiri mpunga ukauke, fundi akasubiri adui yake asikie baridi. Mvua zikaisha. Mei ikapita. Wiki ya kwanza ya Juni, upepo wa asubuhi ulipoanza kushuka kutoka Udzungwa, Evod alitokea na koti zito la mtumba, jeusi, lenye kola ya kusimama na mshono wa uzi maradufu. Agapiti alilitazama koti lile jinsi watu wengine wanavyotazama gari jipya.

Sasa ikajitokeza dosari ambayo Donati hakuifundisha, kwa kuwa huko jeshini haikuwepo. Siku ya kwanza Agapiti alifika kibarazani akiwa amekwisha kunja mikono ya shati. Evod alikuwa ameketi, mgongo ukitazama mlango, kola imesimama. Aliposikia hatua aliinua kichwa. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba," alisema Agapiti, na siku hiyo ikawa imekwisha.

Siku ya pili alijaribu kuwahi zaidi, akaamkiwa akiwa bado barabarani. Siku ya tatu alijifanya hasikii, lakini Omega, muuza vitumbua wa mkabala, alimpazia sauti kwamba anaamkiwa na mtoto, je, amelala? Akaitikia. Siku ya nne alikaa cherehanini akingoja Evod arudi kutoka kumpeleka abiria, na Evod aliporudi alisalimia upya, kwa kuwa wameachana na kukutana tena. Agapiti alimlalamikia Donati kwamba haiwezekani kumkaba mtu uliyetoka kumwitikia. Donati, aliyekuwa mgambo na si padri, alijibu kuwa basi amkabe kabla hajamwamkia. Ushauri ulikuwa mzuri. Mbinu inatoka nyuma. Lililobaki ni kutafuta nyuma yenyewe.

Alhamisi ya mwisho wa Juni, zikiwa zimebaki siku tatu, Agapiti hakupita barabarani. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa uani, akamwamkia Mama Balbina aliyekuwa akisuuza vyombo, akapita kwenye korido akiwa na futi ya kupimia imening'inia shingoni kama kawaida, na saa nne kasoro robo alitokea kwenye mlango wa mbele. Evod alikuwa benchini, hatua moja na nusu mbele yake, akitazama simu. Madereva wengine wawili walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Omega alikuwa akigeuza vitumbua.

Kwa maelezo ya wote waliokuwapo, alichokifanya baada ya hapo hakikuwa na kasoro. Mkono wa kulia ulipita begani na kuzama kwenye kola mpaka karibu na sikio. Wa kushoto ulipita kwapani. Kifua kilikutana na mgongo, na Agapiti akakamua. Simu ilianguka. Miguu mirefu ya Evod ilipiga sakafu, mikono yake ikatafuta kitu hewani na kukikosa. Hakugonga mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia. Mmoja wa wale madereva alisimama, akakaa tena. Uso wa Evod ulianza kubadilika rangi, na kila aliyetazama alielewa kwamba kibaraza kilikuwa kinabadilisha mikono.

Ilikuwa sekunde ya tano au ya sita. Futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwa Agapiti ilishuka mbele ya macho ya Evod, na Evod akaitambua. Mpaka wakati huo alidhani anakabwa na mwizi. Pumzi, kama Donati alivyofundisha, alikuwa bado nayo. Akaitumia yote.

"Shikamoo, fundi," alisema.

Mikono ya Agapiti ilifunguka.

"Marahaba," alijibu. Halafu, kwa kuwa salamu ikishaanza ina mwendo wake, aliongeza, "Hujambo?"

"Sijambo," alisema Evod kutoka sakafuni.

"Umeamkaje?"

"Salama, fundi."

Wale madereva wawili walicheka mpaka mmoja akaegemea pikipiki, nayo ikaanguka. Omega aliunguza vitumbua vitatu. Baadaye Donati, alipoelezwa, alitoa tathmini fupi: mbinu ilikuwa sahihi hadi mwisho, ila mwanafunzi amelelewa vibaya, yaani amelelewa vizuri mno.

Mama Balbina alikuwa amefika mlangoni na kanga yenye maji ya vyombo, na alikuwa ameona yote. Evod aliinuka, akarekebisha kola, akakohoa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa kweli, na huo ulimuumiza Agapiti kuliko ngumi. "Fundi, kama ulitaka nihame, si ungeniambia?" alisema. "Basi niambie sasa hivi, wote wanasikia."

Ilikuwa nafasi safi. Kijana ameomba mwenyewe kufukuzwa, mbele ya mwenye nyumba, na hakuna kola yoyote iliyohitajika. Agapiti alifungua mdomo. Alianza kwa kusema kwamba yeye hana ubaya na mtu, na kwamba Evod ni kama kijana wake. Akasema kwamba maisha ni kusaidiana, na kwamba labda, kama haitakuwa usumbufu, si lazima leo, mwenyewe akipata nafasi, aangalie kama kuna mahali pengine, lakini asijisikie vibaya, na kwa sasa hivi akae tu apumzike, shingo isije ikamsumbua.

"Asante, fundi," alisema Evod, akakaa.

Mama Balbina alikausha mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kibaraza kilikuwa mkononi mwako, baba," alimwambia Agapiti. "Nimekiona kwa macho yangu. Ukakiitikia marahaba." Kisha akasema kwamba hangoji Jumapili, asiye na shida na pale ahamishe vitu vyake leo, na akarudi uani.

Evod ndiye aliyejitolea kubeba cherehani. Ni jambo la kumsifu. Alisema mzee mwenye goti bovu hawezi kuachiwa chuma kizito, akafunga meza ya cherehani nyuma ya pikipiki kwa mpira, kichwa cha cherehani akakipakata mbele, na akaendesha taratibu mitaa miwili hadi nyumbani kwa Agapiti. Mwenye mali alifuata kwa miguu, amebeba mkasi.

Nyumba ya Agapiti ina ua wa mabua wenye mwanya wa kupitia. Yosefina alikuwa ndani ya ua, ungo mapajani. Habari ilikuwa imemtangulia Evod kwa simu mbili na mtoto mmoja wa jirani. Evod alisimama kwenye mwanya, kichwa cha cherehani mikononi, akapiga hodi.

Yosefina alitupa kijiwe. Hakusema karibu.

Evod alipiga hodi mara ya pili, kisha, akidhani hakusikika, akaamkia. "Shikamoo, mama."

Yosefina aliinua macho, akamtazama usoni bila kupepesa, na hakuitikia. Hakukunja uso wala kugeuka. Alimwona, alimsikia, na shikamoo ikabaki pale mlangoni.

Jambo hilo halikuwahi kumtokea Evod. Aliamkia mara ya tatu, magoti yakiinama kidogo kwa uzito wa chuma na kwa mengine. Hawezi kuingia, maana hajakaribishwa. Hawezi kuweka chuma chini, maana si kwake. Hawezi kuondoka na mzigo wa watu, na hawezi kuondoka bila kuitikiwa, kwa sababu mtu asiyeitikiwa na mama mzima amefanya nini hasa? Jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye ua wake akijifanya anaanika nguo. Jasho lilianza kutiririka ndani ya lile koti zuri. Mitaani walihesabu dakika nne. Yamkini zilikuwa mbili.

"Hiyo umeitoa wapi?" aliuliza Yosefina hatimaye.

"Kibarazani, mama."

"Irudishe. Benchi waachie wateja. Wewe na wenzako mkae ng'ambo ya barabara, kuna mwembe na hauna mwenyewe. Ukimaliza, njoo uniamkie."

Evod alisema ndiyo mama, akageuza pikipiki. Njiani alipishana na Agapiti, ambaye alikuwa bado hajafika na mkasi wake, na ambaye, alipoona cherehani inarudi ilikotoka, aliifuata bila kuuliza, kama ilivyo desturi yake. Evod aliipanga pale pale mlangoni, mahali ilipokuwa kabla haijaanza kusogezwa, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, na akahamisha pikipiki tano pamoja na yake kabla ya saa sita. Mama Balbina alichungulia, akahesabu mtu mmoja kibarazani, akaridhika. Neno lake lilikuwa mtu mmoja. Nani na kwa njia gani hakuwahi kusema.

Alasiri Evod alirudi nyumbani kwa Agapiti. Alipiga hodi, akakaribishwa mara moja. Aliamkia. Yosefina aliitikia, "Marahaba mwanangu," akamuuliza hali ya mama yake wa Sanje, na kumpakulia wali. Agapiti aliyekuwa mezani alimwambia kijana aitunze shingo hiyo, kwa sababu safari ijayo hatamlegezea. Evod alisema sawa, baba. Yosefina aliwaambia wote wawili wanawe mikono.

Habari ilivyotua Viwanja Sitini ni kwamba bodaboda wa kwa Mama Balbina waliondolewa kwa judo. Agapiti haisahihishi. Anapompima mteja shati hupitisha kidole ndani ya kola, karibu na sikio, na kueleza kwa utulivu jinsi damu iendayo kichwani inavyokatwa, wakati mteja amesimama kimya akitumaini kuwa kipimo kitaisha. Donati sasa ana wanafunzi wanne kwenye lundo la pumba, wawili wao madereva wa bodaboda, na amewaahidi kuwa wakiiva atawafikisha Namba Nne. Yosefina, akiulizwa na Omega kama ni kweli mumewe aliwatimua vijana sita peke yake, hujibu kwamba alimkaba mmoja, ndiyo, tena vizuri.

Tangu siku hiyo Agapiti hajamkaba mtu mwingine. Anasema haijatokea haja.